Uzi Usioyeyuka

Saa tano kasoro dakika tano asubuhi nilikuwa bado nampenda. Ilipofika saa tano kamili nilikuwa namdharau. Wanaodai kwamba mapenzi hufa polepole hawajawahi kufungua daftari la kazi wakamwona mchumba wao alivyo.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo nilikuwa nimeingoja kwa mambo mawili. Saa sita mchana mtu wa kampuni ya kurusha setilaiti alikuwa aje kuchukua Kisanduku chetu. Saa tisa wajomba wa mchumba wangu walikuwa waje nyumbani kwetu kuleta posa. Gauni langu lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, limepigwa pasi mara mbili, na shangazi yangu alikuwa akigombana na viti vya sebuleni tangu alfajiri. Nilimwambia nitarudi saa saba, naenda kutia sahihi tu.

Kisanduku ndilo jina tuliloipa setilaiti yetu, maana ni kisanduku kweli: sentimita kumi kila upande, unakibeba kwa viganja viwili. Tulikuwa wanafunzi sita na tulikijenga kwa miaka mitatu. Majina yetu ya nyumbani tuliyaacha mlangoni. Msichana aliyeshughulikia betri tulimwita Betri. Mimi waliniita Sindano, kwa sababu ya kulehemu nyaya nyembamba kama nywele, na kwa sababu ya ulimi wangu pia, sikatai. Mchumba wangu tulimwita Msemaji. Ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Katika miaka hiyo mitatu sikumbuki alitengeneza nini, ila aliyoyasema kila mtu anayakumbuka.

Kazi yangu mimi ilikuwa antena. Usidhani ni kitu cha ajabu. Ni vipande viwili vya futi ya chuma, ile ile ya kupimia mbao, tumevikunja kuzunguka Kisanduku na kuvifunga kwa uzi mwembamba wa nailoni. Kisanduku kikishaachiwa huko juu kinangoja nusu saa, kisha kiwaya kidogo kinapata moto, uzi unayeyuka, antena zinafyatuka, na Kisanduku kinaanza kuzungumza nasi. Uzi usipoyeyuka, basi. Kitazunguka dunia bubu, na hakuna fundi wa kupanda huko kwenda kukifungua.

Asubuhi hiyo nilivaa koti jeupe, kofia ya wavu na glovu, nikapita kwenye pazia la plastiki na kuingia katika chumba chetu safi, ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu. Niliinamisha lenzi juu ya antena ili nipige picha ya mwisho kabla ya kutia sahihi. Uzi haukung'aa. Nailoni ikipigwa na taa inang'aa. Huu ulikuwa mweupe wa kufifia, umepakwa nta, na fundo lake lilikuwa nene, limekaa kama la kufungia mfuko wa sukari.

"Betri," nikaita. "Hebu njoo uone."

Betri akaja, akainama, akanyamaza. Betri huyu hanyamazi hata akiwa na kijiko mdomoni.

"Nani kagusa antena zangu?"

"Shoga, usinitazame mimi hivyo."

"Nakuuliza kwa wema. Nani?"

"Jana ulipokwenda kwa fundi kujaribu gauni, waandishi wa habari walikuja. Msemaji akataka kuwaonyesha antena zinavyofyatuka. Zikafyatuka, wakapiga makofi. Halafu akafunga mwenyewe. Akaniambia ameshakupigia simu."

"Hakunipigia."

"Basi kanidanganya na mimi."

Nikachukua daftari la kazi. Hapa lazima nieleze, maana bila hilo daftari utaniona nina hasira za bure. Profesa wetu alikuwa na sheria moja tu, nayo hakuipunguza hata siku moja: ukikigusa Kisanduku, andika. Tarehe, saa, ulichofanya, jina lako. Umekaza skrubu, andika. Umefuta vumbi, andika. Atakayegusa bila kuandika atoke kwenye timu, hata kama zimebaki dakika tano roketi iruke. Nikafungua ukurasa wa Ijumaa. Baada ya saa sita mchana hapakuwa na neno.

Huo uzi wa nta niliujua. Tulikuwa nao mezani kwa ajili ya kufungia nyaya pamoja, na tuliuchagua sisi wenyewe kwa sababu moto hauuwezi. Aliuona umekakamaa, akaona huu ndio uzi wa kiume. Miaka mitatu anawaeleza wageni jinsi antena inavyofunguka, anachora ubaoni, anakunja mikono, na hajui kwamba pale tulitaka uzi unaoshindwa.

Akaingia wakati huo huo, anapiga mluzi.

"Bibi harusi wangu!" akasema. "Umeshatia sahihi?"

Koti lake lilikuwa wazi na kofia ya wavu ameishika mkononi, kwa sababu alikuwa ametoka kwa kinyozi na hakutaka nywele zilale. Mungu anisamehe, ana macho mazuri. Miaka mitatu macho hayo yamenifanya nisahau hesabu ninazozijua tangu shule. Siku niliyoungua kidole kwa chuma cha kulehemu alikishika akakipuliza mpaka maumivu yakaniisha, na tangu hapo nilikuwa wake. Hata asubuhi ile, uzi ule ukiwa mbele yangu, aliponitazama moyo uliruka kidogo. Nikauonea aibu moyo wangu.

"Vaa kofia," nikamwambia.

"Leo umeamka vipi wewe?"

"Vaa kofia, uje hapa."

Akavaa, akaja. Nikamwonyesha. Akachungulia kwenye lenzi muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa nyumba, kisha akacheka.

"Ni uzi, Sindano. Uzi ni uzi."

"Uzi ni uzi?"

"Huu ni imara zaidi. Hautakatika roketi ikitetemeka. Si umenilalamikia wewe mwenyewe kwamba ile nailoni yako nyembamba inakutia wasiwasi?"

"Betri, chomeka waya wa majaribio."

Betri akachomeka. Nikamshika Msemaji mkono na kumsogeza karibu, kisha nikabonyeza. Kiwaya kikapata moto, kikawa chekundu. Nailoni yangu hukatika kwa sekunde tatu. Tukahesabu tatu, kumi, ishirini. Nta ikaanza kunuka. Tulipofika sitini nikaachia kitufe. Uzi ulikuwa umebadilika rangi kidogo, basi, antena zimekaa kimya kama zimegandishwa.

"Haya," nikasema. "Huko juu ndivyo kitakavyokaa. Hongera."

Akamgeukia Betri.

"Betri, naomba utupishe kidogo."

"Napisha," akasema Betri. "Nakwenda chini kumpokea mtu wa kampuni nimweke kwa Profesa. Nitampa maji, nitampa historia ya betri tangu zilipoanza kutengenezwa. Lakini saa sita ni saa sita, jamani." Akanitazama, akatoka, pazia likarudi mahali pake.

Tulipobaki wawili akavua uso wa utani.

"Mpenzi. Funga upya. Una mikono ya dhahabu, kwako hii ni kazi ya nusu saa. Hakuna atakayejua."

"Mimi nimeshajua."

"Wewe si mtu wa nje."

"Andika kwenye daftari."

"Sindano..."

"Andika. Jana saa nane, ulifyatua antena, ukafunga kwa uzi usio wake. Tia jina lako. Mimi nitafunga upya, nitaandika langu chini yako, tutakabidhi."

"Unajua Profesa atafanya nini."

"Najua."

"Atanitoa kwenye timu! Leo! Mbele ya mgeni! Na ile safari?"

Hapo ndipo palipokuwa panauma. Mtu mmoja kati yetu sita ndiye angesafiri kwenda kukiona Kisanduku kikipanda na roketi, na Profesa alikuwa ametangaza jina la kiongozi. Koti jipya la safari lilikuwa limeshanunuliwa, na amenivalia mara mbili nimtazame, akigeuka mbele na nyuma.

"Hebu nikuulize," nikasema. "Jana ulipofunga ule uzi, ulijua umekosea?"

"Sikujua! Naapa!"

"Kwa nini basi hukuandika?"

Msemaji kukosa la kusema! Angekuwa Betri pale angetafuta kamera.

"Nilijua utanifokea," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Wewe ukiniangalia kazini unaniangalia kama... kama hivyo unavyoniangalia sasa hivi. Wale waandishi walikuwa wananipigia makofi. Nilitaka siku moja nishike kitu kwa mikono yangu, kifanye kazi, na wewe hupo wa kunisahihisha."

Hilo lilinigusa, sitasema uongo. Lilikuwa la kweli, na ukweli kwake ulikuwa mchache kiasi kwamba ukitoka unaupokea kwa mikono miwili. Nikaona yule kijana aliyepuliza kidole changu. Nikamsogelea, tukawa tunatazamana ana kwa ana, na macho yake yalikuwa na maji.

"Sikiliza," nikamwambia. "Kosa la uzi nakusamehe. Nimeshakusamehe. Mimi mwenyewe niliwahi kukata antena fupi kwa sentimita moja, nikaandika, Profesa akanisema mpaka nikalia. Sikufa. Andika jina lako. Ukiandika, nitakwenda na wewe kwa Profesa, nitapiga magoti mimi akuache kwenye timu. Asipokubali, utakosa safari, lakini saa tisa nitakaa sebuleni kwetu, wajomba zako wataniuliza kama nakutaka, na nitasema ndiyo kwa sauti mpaka majirani wasikie."

"Na nisipoandika?"

"Usipoandika, wajomba watakunywa soda zao watarudi."

Akatazama daftari. Akanitazama mimi. Akapumua.

"Niletee kalamu."

Nilimpa kalamu, na nikambusu. Nilikuwa nimefurahi kijinga. Nikatoka nikaenda kuchukua nailoni yangu kwenye kabati la ghorofa ya chini, nikashuka ngazi mbili mbili. Huko njiani nikajisemea kwamba nimempata mwanamume, nikajilaumu kwa ulimi wangu mkali, nikamwahidi Mungu kwamba kuanzia leo sitamkatiza akizungumza. Ndiyo, mimi. Nikikumbuka naona haya.

Niliporudi alikuwa amesimama katikati ya chumba, amefungua mikono.

"Nimeandika," akasema. "Njoo."

Nikaenda. Akanikumbatia kwa nguvu, akaniambia mimi ndiye ninayemfanya awe mtu. Kifua chake kilikuwa kinapiga ngoma. Nilidhani ni mapenzi.

"Ngoja nianze kazi," nikasema, "saa tano hii."

"Funga kwanza. Daftari utajaza baadaye."

Lakini mimi siwezi kugusa kabla sijaandika saa ya kuanza. Sijawahi. Angenijua hata kidogo angejua hilo. Nikafungua ukurasa.

Ijumaa, saa nane mchana. Uzi wa antena umebadilishwa kwa ajili ya majaribio. Haukufaa. Utarudishwa wa zamani. Aliyefanya: Sindano.

Nikasoma tena. Sikupiga kelele. Kitu kilichokuwa kimenijaa kifuani kilishuka chote, nikabaki mtupu na baridi, na nikamwona. Wanja wa mapenzi ulikuwa umefutika. Mbele yangu alisimama mtu mzima aliyenyoa vizuri, basi.

"Umeandika jina langu."

"Nisikilize kabla hujapandisha hasira."

"Sipandishi. Sema. Ndiyo kazi yako."

"Wewe Profesa anakupenda. Kwako litakuwa karipio tu, kwa sababu umeandika, si umeona? Limeandikwa, hakuna sheria iliyovunjwa. Kisanduku kiko salama, safari iko salama, wewe uko salama. Mimi ndiye ningeangamia. Nimetafuta njia ambayo hakuna anayeumia."

"Na mimi?"

"Nani atakukumbuka kwa uzi? Na tukishaoana, chako si changu? Kosa lako, kosa langu, tofauti iko wapi?"

"Safari yako nayo ni yangu?"

"Usiwe hivyo."

"Jana saa nane mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kioo cha fundi, nimevaa gauni la kukuvalia wewe. Fundi ananichoma pini za kiunoni, nacheka peke yangu. Na leo umenirudisha hapa kwa kalamu, ukanitia kosa lako mikononi."

"Sindano, mama yuko njiani. Tafadhali. Tusigombane mbele ya mama."

Naam, mama. Mama yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke wa kusimama wima kama rula, na tangu siku ya kwanza alinipima akaniona nimepungua. Aliwahi kuniuliza kama mikono yangu "itapona" kabla ya harusi, kwa zile alama za kuungua. Aliwahi kumwambia shangazi yangu kwamba mwanawe anajenga setilaiti na mimi namsaidiasaidia. Shangazi alitaka kumjibu, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Mama huyo alikubali posa ile kama mtu anayekubali dawa chungu.

Viatu vyake tulivisikia kabla yake. Alisimama nyuma ya pazia la plastiki, amevaa nguo za kwenda kwetu sisi tusiostahili, mkoba begani.

"Mwanangu! Ndiyo mahali penyewe hapa? Mbona padogo hivi?"

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe bado hujaenda kujiandaa? Saa tano hii, binti."

"Mama, vaa hii," Msemaji akasema, akampelekea koti na kofia ya wavu, anatabasamu meno yote. Nilimtazama alivyobadilika. Yale machozi aliyaweka wapi? "Karibu uone kazi ya mwanao."

Mama akavaa kofia kwa karaha, akaingia, akakiinamia Kisanduku mikono imefungwa mgongoni, kama anayekagua mstari wa watoto.

"Hiki ndicho? Umekijenga wewe?"

"Mimi na timu yangu."

"Na hii kamba ndiyo nini? Mbona imeungua?"

Msemaji akakohoa. "Kulitokea hitilafu ndogo ya uzi, mama. Mwenzangu hapa alikuwa anajaribu kitu, hakikufaa. Anarekebisha. Mambo ya kawaida ya kazi."

Akanigeukia yule mama, polepole, kichwa kimeinuka. Ile furaha iliyokuwa machoni mwake! Alikuwa ameingoja siku hii tangu anijue.

"Nilijua," akasema. "Nilimwambia baba yake mdogo, huyu binti ana haraka. Siku ya mwisho, mzigo wa watu, wewe unajaribujaribu? Na mwanangu ndiye akae anakufichia? Hata nyumba utaiendesha hivyo?"

Ningeweza kumjibu. Majibu manne yalinijia na yote yalikuwa makali. Lakini nilimtazama mtoto wake, nikampa nafasi moja ya mwisho ambayo hakuistahili. Nilingoja. Aseme, mama, hapana. Maneno mawili. Kwa mtu mwenye maneno elfu.

Akatazama viatu vyake.

Basi nikachukua daftari, nikamkabidhi mama kwa mikono miwili, kwa adabu zote nilizofundishwa.

"Mama, imeandikwa hapa. Soma mwenyewe."

"Mama hana haja ya kusoma mambo ya kitaalamu," akasema Msemaji upesi. "Mama, twende nikuonyeshe..."

"Kaa kimya," akasema mama yake. Akatoa miwani kwenye mkoba.

Alisoma mistari ile. Alipomaliza hakuinua uso. Akaweka kidole juu ya neno moja, kisha jingine. Akageuza ukurasa wa nyuma, akasoma ya Alhamisi, mstari wangu mimi, na mwandiko wangu wa kubanana kama mchwa. Akarudi kwenye Ijumaa. Mwanamke huyo amesahihisha madaftari ya watoto kwa miaka thelathini, na huyu wa kwake alimshika mkono yeye mwenyewe kumfundisha kuandika.

"Hii k," akasema. "Inapiga mkia chini. Nilimpa adhabu kwa hii k akiwa darasa la pili. Wiki nzima. Haikuacha."

"Mama," akasema Msemaji.

"Nimekwambia ukae kimya."

Akafunga daftari. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti letu jeupe, ambalo haliruhusiwi kufutia kitu, na nikamwacha. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa mwanamke wa umri wake.

"Uliandikiwa haya leo?"

"Leo, mama. Nusu saa haijapita."

"Alikukumbatia baada ya kuandika?"

Sikutegemea swali hilo. Nikaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo machozi yalipotaka kunitoka, nikayameza.

"Ndivyo anavyofanya baba yake," akasema. "Mimi nilipoteza kazi ya kwanza kwa karatasi aliyoandika baba yake. Akanikumbatia, nikamsamehe, nikaolewa naye mwezi ule ule. Nimekaa miaka ishirini na nane natafuta nilipokosea mimi."

"Mama! Mbele yake?" Msemaji alikuwa amekuwa mwekundu macho. "Unamwambia nini huyu?"

Mama yake alininyooshea daftari.

"Mimi sikupendi, binti. Nisikudanganye. Una kiburi, unajibu kwa macho, na sikukutaka kwenye nyumba yangu hata siku moja. Lakini nakwambia kama ningekuwa nimekuzaa: usiolewe na mwanangu."

"Siolewi naye, mama."

"Ahsante."

Akavua kofia ya wavu, akaikunja vizuri kama leso, akaiweka mezani. Akatoka. Viatu vyake tulivisikia mpaka ngazi ya mwisho, vikienda upande wa ofisi ya Profesa, wala si upande wa lango.

Msemaji alitaka kumfuata, akarudi, akasimama mlangoni kwenye pazia, nusu ndani nusu nje. Hata kusimama hakujua asimame wapi.

"Umefurahi?" akaniuliza. "Umenivunjia heshima kwa mama yangu mzazi."

Nikavaa glovu mpya. Nikachora mstari mmoja juu ya jina langu, mstari ulionyooka, na kando yake nikaandika: Si kweli, aliyefanya ni kiongozi wa timu. Nikaandika saa. Nikatia jina langu, kwa mkono wangu. Kisha nikachukua kisu kidogo nikaanza kuukata ule uzi wake wa nta. Ulikuwa mgumu kweli, nikaukata unyuzi mmoja mmoja, na Kisanduku hakikutikisika.

Bado nilikuwa nampenda mtu fulani, na hilo liliniuma kuliko kila kitu, kwa sababu huyo mtu hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi, kwa miaka mitatu, kwa uangalifu ule ule niliokitengenezea Kisanduku. Lakini huyu aliyekuwa mlangoni nilimtafutia hata chembe ya chuki nikakosa. Kumchukia kungekuwa kumpa cheo.

Antena zikafyatuka mikononi mwangu, zote mbili, safi. Nikazikunja upya. Nikapitisha nailoni. Ikang'aa.

Simu yake ikaanza kulia. Akaitazama, akakata. Ikalia tena.

"Ni wajomba," akasema. "Safari ni ndefu, wameshatoka nyumbani, wako njiani kwenda kwenu. Watu wazima wanne, wamevaa suti. Shangazi yako atawafungulia mlango. Sindano, nakuomba. Nitawaambia nini?"

Nilikuwa na kibanio mkononi na fundo la kwanza limekaa vizuri. Sikuinua kichwa.

"Waambie ukweli," nikasema. "Ukikushinda, tia jina langu. Umeshazoea."